Upendo ni nani ataamka saa nane usiku amgeuze mama

Kama umehudhuria harusi za kanisani hapa Mombasa, iwe Mikindani iwe Likoni, basi ile Wakorintho wa kwanza sura ya 13 ushaisikia mpaka unaweza kuisoma umelala. Upendo huvumilia, hufadhili, upendo hauhusudu... bwana harusi jasho linamtiririka ndani ya suti, bibi harusi ameinamisha kichwa, akina mama vigelegele, halafu wote twaenda kula pilau. Sina neno na hilo, hata yangu ilisomwa hiyo hiyo. Lakini siku hizi nikiisikia huwa najiuliza wale walioandikiwa kwanza walikuwa kina nani, manake maharusi hawakuwa.

Walikuwa ni watu wanagombana. Korintho ulikuwa mji wa bandari kama huu wetu, tena wao walikuwa na bandari mbili, Lekayo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili, kwa hivyo piga picha meli, mizigo, wageni kila siku, pesa za haraka na watu wa kila kabila. Warumi walikuwa wameubomoa ukabaki magofu kama miaka mia hivi, wakaujenga upya mwaka 44 kabla ya Kristo na wengi walioletwa kukaa pale walikuwa watumwa walioachiwa huru. Sasa kanisa la mji kama huo litakosa vurugu? Soma sura ya 6, ndugu wanapelekana kortini. Soma sura ya 11, wamekuja kwa chakula cha Bwana na huyu ana njaa na huyu amelewa, meza moja. Halafu ndio Paulo anawaambia upendo haujivuni, hautafuti mambo yake, yaani kila mstari kuna mtu unamgusa na mwenyewe anajijua.

Mimi mafundisho yangu ya upendo sikuyapata harusini. Niliyapata kwa mavyaa wangu.

Tuseme ukweli tu, mimi na huyu mama hatukuwa tunapendana. Hakutaka mwanawe anioe, alikuwa na mtu wake amemchagua huko kwao Kaloleni, na kila akija kututembelea alikuwa na lake la kusema, wali wangu hauna nazi ya kutosha, watoto wamekonda, mbona pazia ni hizo hizo tangu mwaka juzi. Nami nilikuwa naitikia "ndio mama" kwa heshima zote huku ndani nahesabu siku za yeye kurudi kwao. Halafu presha ikampanda, akapata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala na maneno yakawa hayatoki vizuri. Hospitali walipomruhusu kikao cha familia kikakaa, kila mtu akaangalia chini, mmoja yuko Nairobi, mwingine nyumba yake ni finyu, mwingine kazi yake ya shifti, na kwetu ndiko karibu na kliniki. Basi akaletwa kwetu.

Watu wa kanisa wakaanza kuniambia "una moyo wa upendo kweli mama nanii, Mungu akubariki". Nikawa nanyamaza tu manake upendo ule wa kusikia moyoni sikuwa nao. Nilikuwa na beseni, sabuni, pampasi za watu wazima na mavyaa wa kuoshwa, basi.

Na hapa ndipo nataka tuelewane wewe ambaye labda uko kwa hali kama hii na unajiona mnafiki kwa sababu unafanya bila kusikia kitu. Usijione hivyo. Yohana ameandika "tusipende kwa neno, wala kwa ulimi, bali kwa tendo na kweli", hakuandika subiri kwanza usikie vizuri. Na ukitaka kuona vizuri zaidi nenda Yohana 13. Ile amri mpya ya kupendana Yesu aliitoa usiku ule ule ambao ametoka kuwaosha miguu, yaani kwanza beseni na taulo, amri ikaja baadaye. Na angalia mpangilio, Yuda alitoka nje baada ya miguu kuoshwa, kwa hivyo hata miguu yake iliguswa, na Yesu anajua kabisa ile miguu inakwenda wapi. Mimi nimeosha miguu ya mavyaa mara nyingi nikiwa bado nimemkasirikia kwa neno alilonitupia mwaka wa nyuma, na nakwambia ilitakata vile vile.

Kazi yenyewe iko hivi, manake watu wanaongea upendo juu juu hawasemi mtu anafanya nini. Mtu aliyepooza akilala upande mmoja muda mrefu ngozi inaoza, ndio vile vidonda vya kulalia, vikianza kuvimaliza ni shughuli. Kwa hivyo anageuzwa kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku. Unapomgeuza unaangalia mgongo chini, nyonga, visigino, ukiona pamekuwa pekundu au peusi kuliko kawaida na rangi hairudi ujue hapo hapalaliwi tena mpaka patulie. Kula analishwa amekaa wima, vijiko vidogo, uji usiwe maji maji sana asije akapaliwa, na akimaliza usimlaze hapo hapo, mwache akae nusu saa hivi. Na joto la hapa mwezi wa tatu, feni inazungusha hewa moto tu, maji ya mfereji yamekatika unangoja mwenye mkokoteni wa mitungi, na shuka za jana ziko kwa ndoo. Sasa ukishayajua hayo rudi usome "huvumilia yote, hustahimili yote" uone kama ni maneno ya kuandika juu ya keki.

Kumgeuza mtu mzima peke yako huwezi, mgongo utakwisha. Aliyenifundisha ni jirani yangu wa chumba cha mbele, bibi wa Kiislamu aliyemuuguza mumewe mpaka mwisho. Alikuja siku moja akanikuta nahangaika, akasema "ngoja mwanangu, si hivyo", akachukua leso mbili, zile kanga za kujifunga, akazikunja moja juu ya nyingine, tukazipitisha chini ya mavyaa kutoka mabegani mpaka mapajani, yeye akashika pembe zake na mimi zangu. Akasema Bismillahi, mimi nikasema kwa jina la Yesu, tukavuta. Akageuka kama mtoto, bila kukwaruzwa ngozi. Tangu siku hiyo Bismillahi ikawa ndio alama yetu ya kuvuta, na mavyaa wangu, mama wa kanisa wa miaka na miaka, akawa akisikia tu hilo neno anajishikilia na mkono wake mzima anajiandaa. Ikifika saa nane usiku nikibisha dirisha la yule bibi alikuwa anaitika kabla sijabisha mara ya pili. Mimi Mkristo nasema wazi, yule bibi alinisomea ule mfano wa Msamaria bila kufungua kitabu. Yule Msamaria naye hakumhubiria mtu, alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kurudi kulipa zilizozidi.

Wala hapa kwetu si jambo geni. Kila matatu ikisimama Kengeleni kondakta anaita jina watu wanashuka wanaenda zao, wachache wanakumbuka ni ile kengele ya Frere Town, mahali wamishenari wa CMS, shirika la kanisa la Kiingereza, walipowaweka watu waliookolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa miaka ya 1870. Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, wengine walikuwa wamelelewa Nasik huko India, hakuna mama wala shangazi wa kuzaliwa, ukiugua anakuuguza nani? Jirani. Na watoto wao na wajukuu wao wakawa ukoo. Kwa hivyo mtu akiniambia damu ni nzito namsikia, lakini namwangalia yule bibi wangu na leso zake.

Sasa hili la mahesabu. "Upendo hauhesabu mabaya" ndio mstari ulionitesa kuliko yote, kwa sababu mimi kichwani nilikuwa na daftari kama la mwenye duka, kila mtu na ukurasa wake, wifi fulani hajaja tangu sikukuu, shemeji alituma mia tano akapiga simu mara tatu kuuliza kama imefika. Na daftari halikunipa hata senti, lilikuwa linanichosha tu kuliko kufua zile shuka. Nililofanya, nikaacha kuhesabu ya nyuma na nikaanza kusema ya mbele, yaani badala ya kununa nikawa nasema nataka nini, lini, na pesa ngapi. Ni vitu viwili tofauti kabisa na Wakristo wengi tunavichanganya, tunadhani kupenda ni kunyamaza, halafu tunalipuka kwenye matanga mbele ya wageni.

Paulo huyo huyo kwa Wagalatia sura ya 6 anasema tuchukuliane mizigo, mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mimi navielewa hivi, ugonjwa wa mama ni mzigo, ni wa familia nzima. Lakini deni la mtu la kubeti au simu mpya aliyochukua kwa mkopo ni furushi lake, na ukimbebea kila mwezi hujampenda, umemzoesha. Kuna ndugu mmoja nilikataa kumkopesha pesa za dawa za mama eti atarudisha Ijumaa, akaniambia "na wewe unajiita umeokoka". Nikamwambia ndio, na pesa za dawa haziendi. Alinuna, kisha akaja kula kama kawaida.

Na tafadhali, hili nalitenga kando kwa sababu nimeona akina dada wakiumizwa nalo. Kuna watu, na wengine wamevaa kola, wanamwambia mwanamke anayepigwa arudi nyumbani akavumilie kwa sababu upendo huvumilia yote. Sura hiyo hiyo inasema haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli, wamalizie kusoma basi. Kenya tuna sheria ya kuzuia dhuluma za nyumbani tangu 2015, unaweza kwenda kortini ukapewa amri ya kukulinda, na namba 1195 ya kuomba msaada ni ya bure unapiga mchana au usiku. Kumsamehe mtu si lazima ulale naye nyumba moja. Unaweza kumwombea ukiwa kwa mamako, maombi yanafika.

Turudi kwa mavyaa. Watu wanapenda kuniuliza, je mwisho ulimpenda? Sijui siku gani, sikuiona ikija. Najua tu ilifika wakati nikienda sokoni Kongowea nikiona maembe mazuri namchagulia yeye kwanza, na siku alipoinua kijiko kwa mkono wa kulia, mkono ule uliolala, nilipiga kelele mpaka yule bibi akakimbia akidhani kuna msiba. Sasa hivi anatembea na fimbo mpaka mlangoni, maneno yamerudi karibu yote, na la kwanza kamili alilolisema lilikuwa kwamba uji hauna sukari. Hatujawa kama mama na binti wa kwenye sinema. Anaongea, naitikia, tofauti ni kwamba siku hizi naye akinizidi namwambia "mama hapo umenionea" na ananyamaza, wakati mwingine anacheka.

Kama una mzee ndani na ndugu wanakutumia emoji za kuomba kwa grupu, usiandike tena "naomba msaada jamani", hiyo haimwambii mtu afanye nini. Mimi yangu niliiandika hivi: "Habari za leo ndugu zangu. Mama anaendelea vizuri tunamshukuru Mungu. Mwezi huu pampasi na dawa za presha ni hizi hapa na bei zake. Wifi mkubwa naomba Jumamosi uje ulale naye mpaka Jumapili jioni nipate kwenda kanisani. Shemeji wa Nairobi dawa ni zako. Mdogo wetu, yule mtu wa fizio wa kumnyoosha viungo, Jumanne na Alhamisi, wewe umlipe moja kwa moja. Nani hawezi aseme leo ili tupange."

Kulikaa kimya karibu siku nzima nikaanza kupika zangu. Jioni wifi mkubwa akajibu, "Jumamosi nitakuja, lakini hiyo kazi ya leso mnifundishe kwanza."