Mapenzi ya timu yakipoa

Ndugu yangu, unasema umeishabikia timu moja tangu utotoni, lakini siku hizi mechi inaisha huna furaha wala uchungu. Unauliza kama ni umri au mpira ndio umebadilika.

Umebadilika kweli. Tangu Ligi Kuu ya England ianze mwaka 1992, pesa za televisheni zimepanga hadi siku na saa ya mechi. Hukumu ya Bosman ya mwaka 1995 iliwapa wachezaji barani Ulaya uhuru wa kuondoka bure mkataba ukiisha. Ni haki yao, naiunga mkono, ila kikosi ulichokikariri jina kwa jina hakidumu tena. Mwaka 2017 mshambuliaji Neymar akahama Barcelona kwenda PSG kwa euro milioni 222. Halafu VAR, waamuzi wanaorudia tukio kwenye video: unaruka kushangilia bao, kisha unasimama kungoja uambiwe kama ni bao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Usijilazimishe kupenda. Kwa msimu mmoja, achana na tetesi za usajili na mabishano ya mitandaoni. Hayo yanachosha kuliko dakika tisini zenyewe. Kama unabeti, acha pia, maana hela yako ikiwa mchezoni hutazami mpira, unatazama hela. Nenda kashuhudie timu ndogo ya jirani, ya wanaume au ya wanawake, mahali unaposikia kocha akifoka na mpira ukigonga mwamba.

Na yule aliyekufundisha kuipenda timu yako, kama yu hai, mpigie simu kabla ya mechi ijayo. Mtazame pamoja.