Siagi ya kakao imefanya vichenga, niitupe?

SWALI: Assalamu alaykum dada. Mie niko Wete, mimba yangu miezi sita. Wifi yangu kaniletea siagi ya kakao kutoka Unguja, ilikuwa kipande kigumu kama sabuni, kufika na boti ishayayuka kwenye mkoba, nkaitia kwenye kopo ikaganda yenyewe. Sasa nikijipaka naona vichenga vichenga kama vya mchele. Imeharibika? Na ni kweli ukijipaka hiyo hupati michirizi ya tumbo?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, hongera, Mungu akujaalie ujifungue salama. Usiitupe! Siagi ya kakao inayayuka kwenye nyuzi joto 34 hadi 38 hivi, joto la mwili tu, ndo maana ukiifumbata kiganjani inalegea. Mafuta yetu ya nazi yanayayuka kwenye 24 hivi kwa hiyo huku kwetu tunayaona maji maji siku zote, kakao ndani ya nyumba inakaa ngumu, ila mkoba ukipigwa jua botini basi tena. Ikishayayuka halafu ikapoa polepole mafuta yake hayagandi kwa pamoja, mengine yanatangulia yanafanya punje, ndo hivyo vichenga vyako.

Itie kwenye bakuli kavu, bakuli likae juu ya sufuria ya maji ya moto, iyayuke mpaka usione hata punje moja, maji yasiingie, kisha imimine koponi uweke kwenye friji igande haraka. Ya kutupa ni ile inayonuka kama mbata iliyokaa sana.

Kuhusu michirizi ntakwambia ukweli kwa sababu wengi wanauziwa matumaini. Walipima Lebanon (ikachapishwa 2008) na Jamaica (2010), wajawazito waliopaka losheni ya kakao na waliopaka losheni isokuwa na kakao, michirizi ikatoka sawasawa. Mie mwenyewe mimba ya pili nimejipaka kila usiku na ikatoka, inategemea zaidi maumbile na ngozi inavyovutika, usijilaumu hata kidogo.

Lakini we jipake tu, tumbo likivutika ngozi inakauka na kuwasha, na siagi hii inazuia unyevu usitoke. Paka ukitoka kuoga ngozi ikiwa bado mbichi mbichi, kidogo tu, na usoni uache kama una chunusi.