Muulize Mjomba: Podikasti za dunia nzima, unaanzia wapi na zinakula MB ngapi?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba mimi nikiosha vyombo nasikiliza podikasti, jamani sikujua kama nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja nyingi, wengine wanashangaa Mjomba kuosha vyombo kuliko hiyo podikasti yenyewe. Hao siwajibu. Wenye maswali ya maana nimechagua hawa.

Shikamoo Mjomba. Mimi fundi cherehani hapa Mwanza, nashona kuanzia saa mbili asubuhi mpaka giza, redio naipenda ila matangazo ya kubeti yamezidi. Binti yangu kaniwekea podikasti kwenye simu akaniambia humo kuna kila kitu duniani, nikasachi "fasheni" zikaja za kizungu kibao watu wanasema mastaa tu. Hiki kitu hasa ni nini na mtu anaanzaje? Na bando je?
*Mama Fundi, Mwanza*

Marahaba mama. Podikasti ni kipindi cha redio ambacho hakikusubiri wala wewe hukisubiri. Mtu anarekodi, anaweka sauti yake kwenye intaneti, na pembeni anaweka orodha ya vipindi vyake, sasa ile aplikesheni kwenye simu yako kazi yake ni kupita kila mara kuchungulia ile orodha, ikikuta kipya inakuletea, kama yule kijana wa magazeti aliyekuwa anajua wewe unachukua gazeti gani hata hamuongei. Ndo maana podikasti ileile unaikuta Spotify, unaikuta Apple Podcasts, unaikuta na kwenye hizi programu ndogondogo, kwa sababu orodha iko wazi kwa yeyote. Jina lenyewe lilitajwa mwaka 2004 na mwandishi mmoja wa gazeti la Guardian la Uingereza, Ben Hammersley, alichukua iPod, ile mashine ya nyimbo ya Apple, akaiunganisha na neno la kurusha matangazo. iPod Apple waliacha kuitengeneza 2022, jina likabaki yatima linatembea peke yake.

Bando: sauti nyingi zinarekodiwa kwa kiwango ambacho dakika moja inakula karibu MB 1, kwahiyo kipindi cha saa nzima weka MB 60 hivi, na zile za kuongea tu zisizo na muziki mara nyingi ni nusu ya hapo. Kuangalia video saa hiyohiyo unakula mara nyingi zaidi. Mwambie binti akuwekee AntennaPod, ni ya bure, haina matangazo yake, haikulazimishi kufungua akaunti, afu aingie kwenye setingi achague idaunlodi ikiwa kwenye waifai tu. Akija na waifai ya chuoni kwao unajaziwa vipindi vya wiki nzima, ukifika kwenye cherehani hutumii hata MB moja.

Sasa kuhusu kuanza, hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaandika neno kubwa kama "fasheni" au "historia" au wanafungua ile orodha ya zinazosikilizwa sana, wanaletewa mastaa. Usianze na mada, anza na kitu unachokishika mkononi. Wewe unashona, si ndio? Hivi ushawahi kujiuliza kwanini suruali ya mwanaume ina mifuko minne na gauni la mwanamke mfuko wake hautoshi hata funguo? Kuna dada wa Marekani anaitwa Avery Trufelman ana podikasti inaitwa Articles of Interest, ilianza 2018 na yote ni nguo, na ana epsodi nzima ya mifuko. Zamani huko Ulaya wanawake walikuwa na mifuko mikubwa tu, ila haikushonwa kwenye gauni, ilikuwa kitu cha pekee kinafungwa kiunoni kwa kamba chini ya sketi, unapitisha mkono kwenye upenyo pembeni. Mitindo ilivyobadilika magauni yakawa ya kubana, ile mifuko ikakosa pa kukaa. Mimi baada ya kusikia hivyo nilienda kukagua kabati la mke wangu, gauni saba, mifuko miwili, na mmoja ni wa uongo umeshonwa kwa juu. Mama, wewe unayapima hayo kila siku, utasikiliza na utabishana naye.

Mjomba habari ya kazi. Napiga lori Dar mpaka Lubumbashi, foleni ya mpakani Kasumbalesa inaweza kukulaza siku mbili umekaa tu. Nyimbo nimechoka, zile zile. Nataka stori ndefu zenye akili lakini nikishavuka Tunduma mtandao unakuwa wa kubahatisha. Kingereza nasikia kiasi, wakiongea haraka napotea.
*Dereva, njiani*

Salama kaka, pole na barabara. Na wewe nakuambia kilekile nilichomwambia Mama Fundi, anza na mzigo wako. Kuna moja inaitwa Containers, ya Alexis Madrigal, ilitoka 2017, ni vipindi nane tu na vinakaa bandarini Oakland kule California, inazungumzia makontena, meli, watu wa kreni, na jinsi lile sanduku la chuma lilivyobadilisha kazi za watu bandarini. Wewe umebeba lile sanduku mgongoni miaka mingapi? Humo hutaambiwa kitu kigeni, utaambiwa mwanzo wa kitu unachokijua mwisho wake.

Ukiimaliza na foleni bado haijasogea, kuna jamaa anaitwa Mike Duncan. Huyu 2007 alianza kusimulia historia ya dola la Rumi tangu mwanzo, peke yake na maiki yake, akaenda hivyo hivyo mpaka 2012, epsodi 179. The History of Rome. Za mwanzo sauti ni ya mtu aliyejirekodi nyumbani, usikate tamaa, anakua mbele ya masikio yako. Baada ya hapo akaanza nyingine inaitwa Revolutions, mapinduzi moja baada ya jingine, na mimi binafsi nakushauri uruke uende moja kwa moja kwenye Haiti, watumwa waliowasha moto 1791 na kufika 1804 wana nchi yao. Hiyo niliisikiliza nikiwa kwenye daladala natoka Gongo la Mboto, nilitakiwa nishuke Tazara nikajikuta Buguruni, konda ananiangalia kama mgonjwa.

Kingereza cha haraka kina dawa, kwenye aplikesheni kuna sehemu ya kasi, ishushe mpaka 0.8 watu wanaongea kama wazee wa baraza. Daunlodi zote Mbeya kwenye gesti yenye waifai kabla hujashuka Tunduma, na memori kadi weka ya kutosha, vipindi mia vya nusu saa kwa ile hesabu yangu ni kama GB 3 hivi. Na gari ikitembea tumia spika ya gari, usizibe masikio yote, mwenzio nyuma akipiga honi uisikie.

Asalam aleikum Mjomba. Natembeza wageni Nungwi, Kiitaliano nakijua cha ufukweni, Kifaransa sifuri, na wageni wa Ufaransa wanaongezeka. Kozi ni hela nyingi. Podikasti inaweza kumfundisha mtu lugha kweli?
*Papasi mwenye leseni, Unguja*

Waaleikum salam. Kukufundisha kuanzia sifuri mpaka ufasaha, hapana, mdomo wako lazima ufanye kazi. Ila sikio linafundishika. Anza na Coffee Break French, inatengenezwa Glasgow Scotland, iko miaka mingi, mwalimu anaongea na mwanafunzi anayekosea kama wewe, taratibu, na wenyewe wana Kiitaliano pia ukitaka kutoka ufukweni. Ukishapata miezi kadhaa hamia kwa RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya kila siku ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, Le Journal en français facile, na maandishi yake wanayaweka, kwahiyo unasikia huku unasoma. Uzuri wake kwako ni kwamba asubuhi ukikutana na mgeni una habari ya leo ya kumuuliza, sio kila siku "bonjour, spice tour".

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, redio ya taifa ya Japani, NHK, ina idhaa ya Kiswahili na ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Hapo ufukweni kwenu ni wangapi wanajua kumuamkia Mjapani?

Mjomba, mimi niko Muscat mwaka wa sita, nafanya kazi saluni. Nakumbuka sauti za nyumbani kuliko chakula. Nipe za Kiswahili.
*Dada wa Muscat*

Dada yangu, hiyo ya kukumbuka sauti umenigusa. Kwa maongezi marefu ya Kibongo msikilize Salama Jabir, yule wa kipindi cha Mkasi, ana kipindi kinaitwa SalamaNa, anamkalisha mtu mmoja anamhoji mpaka mgeni anasahau kama kuna kamera, ni video ila ukiweka simu mfukoni na kuendelea kusuka inaenda vizuri tu. RFI Kiswahili na DW Kiswahili wanaweka vipindi vyao mtandaoni, kwahiyo hukosi kwa sababu ulikuwa na mteja. Na Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa, Alhamisi wana kipengele cha kufafanua neno au methali, kifupi, unamaliza kabla mteja hajakauka nywele. Nacheka kwa sababu mara ya kwanza nilibishana na simu kuhusu maana ya neno ambalo mimi nimelitumia vibaya tangu darasa la nne.

Ukitaka Nairobi, Adelle Onyango ana Legally Clueless tangu 2019, Kingereza zaidi, lakini humo watu wa kawaida wanasimulia maisha yao wenyewe, na kuna siku utasikia mtu anayesimulia maisha yako. Na kama una rafiki Mganda hapo saluni mpe ya George the Poet, kijana wa London mwenye asili ya Uganda, anachanganya mashairi, muziki na habari, inaitwa Have You Heard George's Podcast? na imepata tuzo ya Peabody Marekani. Mpya kabisa kwa namna ilivyotengenezwa, hiyo vaa hedfoni, usiweke spika.

Bwana mhariri, mimi mstaafu, nina kisukari. Mjukuu alinifungulia podikasti ya mtu anayejiita daktari, anaongea vizuri sana, akasema vidonge vinaua figo, nikanunua unga wake kopo 85,000, nikaacha dawa wiki mbili. Nimetoka wodini juzi. Kwanini mnawasifia hawa watu?
*Mzee wa Tanga*

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Ningekuwa mbele yako ningekaa chini kwanza. Umesema kweli, uwazi ule ule ninaousifia huku juu, kwamba yeyote mwenye maiki anaweza kuweka kipindi, ndio uliomfikisha yule bwana sikioni kwako, hakuna mlango wala mlinzi. Mlinzi ni wewe na mjukuu wako.

Mimi ninachoangalia ni hiki. Anayenieleza ugonjwa ndiye anayeniuzia dawa? Basi hicho ni duka, sio kipindi, nazima hapo hapo hata awe na sauti ya asali. Cha pili, je kuna mtu mwingine humo ndani anayembishia, au anahojiana na kioo? Cha tatu, akisema "utafiti unasema", anautaja utafiti gani, wa wapi, au anapita juu juu? Kwa afya wapo wanaofanya kazi kwa adabu, RFI Kiswahili wana Siha Njema, na BBC World Service wana Health Check kama mjukuu anajua Kingereza akutafsirie. Lakini hata hao mzee, kipindi sio daktari wako, hawajui sukari yako leo asubuhi imesoma ngapi. Vidonge unaacha ukiambiwa na kliniki iliyokuandikia, basi. Na lile kopo usilimalizie eti kwa sababu umeshalilipia, lipeleke kliniki walione.

Mjomba acha maelezo, nipe MOJA kali kuliko zote.
*Kijana wa Kahama*

Ear Hustle. Ilianza ndani ya gereza la San Quentin, California, mwaka 2017, na mfungwa Earlonne Woods pamoja na msanii kutoka nje, Nigel Poor. Hawaongelei kesi, wanaongelea kuishi na mtu usiyemchagua kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, kupika, kufuga wadudu. Mwaka 2018 gavana akampunguzia Woods kifungo akatoka, na akaendelea kuifanya akiwa nje. Epsodi ya kwanza ni ya wanaogawana chumba, anza hapo. Usinishukuru.

Mjomba mimi nikisikiliza kitandani nalala, naamka wako epsodi ya nne.
*Mwalimu, Singida*

Mwalimu, kuna alama ya saa ndogo au mwezi kwenye hizo aplikesheni, ukiibonyeza unachagua dakika, zikiisha inajizima yenyewe. Mimi naweka ishirini. Mke wangu yeye haamini hiyo alama, akisikia nimeanza kukoroma ananichomoa hedfoni sikioni, anazima simu, asubuhi kwenye chai ananiuliza, "Ehe, walimkamata nani?" na mimi sijui.