Kurudi kwenye kikapu ukubwani: maswali yenu

Wanaoniandikia siku hizi wengi ni watu wazima waliowahi kucheza mpira wa kikapu shuleni na sasa wanataka timu. Nafurahi sana kuwasoma, na leo nawajibu wachache.

Shikamoo kocha. Nina miaka 34, naishi Tabata. Mechi yangu ya mwisho ya maana ilikuwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, 2009. Kuna timu ya daraja la kwanza inafanya majaribio mwezi ujao. Niende?

Marahaba. Nenda, ila nenda kutazama. Mwezi mmoja hautoshi kwa mwili uliokaa nje miaka yote hiyo. Pumzi hurudi mapema; kano ndizo huchelewa, na wewe uko kwenye umri ambao wanaume wengi hukatika kano ya kisigino, hasa wanaokurupuka kucheza kwa nguvu baada ya kukaa muda mrefu. Jipe miezi mitatu. Anza na mbio za polepole, kuchuchumaa, na kunyanyua visigino ukiwa umesimama kwenye ngazi. Baadaye ongeza kuruka. Kukimbia na kugeuka ghafla kuwe mwisho kabisa. Wakati huo zungumza na kocha wao, mwombe ufanye nao mazoezi hata kama hujasajiliwa. Kocha aliyekuona ukijituma wiki nane anakujua kuliko wa majaribio ya saa mbili.

Tena, mchezo uliouacha si huu. Ulipocheza wewe mstari wa pointi tatu ulikuwa mita 6.25, tangu 2010 uko mita 6.75, na lile eneo la chini ya kikapu lililopanuka kuelekea mstari wa mwisho sasa ni mstatili. Timu yako ikitupa, mpira ukagonga ringi na mkaudaka tena, saa ya kutupa inarudi sekunde 14, si 24. Nusu mita hiyo ya mstari utaisikia mapajani kabla ya mikononi. Kama kiwanja cha mtaani kwenu bado kina mstari wa zamani, pima, chora mpya kwa chaki, ufanyie mazoezi hapo.

Kocha huwa anaangalia nini kwenye majaribio? Mimi silaha yangu ni kutupa.

Hiyo ni silaha ya kila anayekuja. Watu kumi wasiojuana wakiwekwa uwanjani, kila mmoja anataka aonekane, pasi zinakufa. Mimi hapo naangalia mtu akipoteza mpira anafanya nini: anakimbia kurudi kukaba, au anasimama kumnyooshea mwamuzi mikono? Naangalia nani anamweka mpinzani mgongoni mpira ukiwa bado hewani, ili audake yeye ukirudi. Na nasikiliza. Anayemwambia mwenzake "skrini kushoto!", yaani mpinzani amesimama kukuzibia njia upande huo, au "nipo nyuma yako!" naandika jina lake kabla sijajua anatupaje.

Ukishavuka 30 usishindane mbio na kijana wa miaka 20. Timu changa zinalia kwa kukosa mtu anayetunza mpira dakika mbili za mwisho, anayejua timu imebakiza faulo ngapi. Onyesha hilo. Muulize kocha mapema ana pengo nafasi gani, na kama una goti la zamani mwambie ukweli. Atalijua tu, na akiligundua mwenyewe katikati ya msimu hatakuamini tena.

Nina mtoto wa miezi minne. Nilikuwa nacheza nafasi ya mlinzi kwenye timu ya chuo. Lini nirudi?

Hongera, mama. Mazoezi ya kukimbia na kuruka kwa kawaida husubiri angalau miezi mitatu baada ya kujifungua, na kwa aliyepasuliwa huweza kuwa zaidi. Kwa hiyo hujachelewa hata kidogo. Ukiruka mkojo ukavuja, au ukahisi uzito chini ya kinena, simama umwone daktari au mtaalamu wa viungo. Wengi huvumilia kimya, na linatibika. Kuhusu mazoezi, ningependa kuona timu zetu zikimpokea mama na mtoto wake pembeni ya uwanja bila kumkunjia uso. Mwambie kocha wazi utahitaji dakika za kunyonyesha.

Viatu vya kukimbilia barabarani vinafaa?

Hapana. Vimeundwa kwenda mbele, na soli yake nene hupinduka ukikata kona. Kifundo cha mguu ndicho kinachoumia kuliko vyote kwenye kikapu. Mtumba mzuri wa viatu vya kikapu wenye soli ambayo haijalika unatosha.

Nimeachwa kwenye majaribio mara mbili. Niache?

Usiache. Waulize makocha wale sababu, kwa heshima, na uombe jibu la kitu kimoja cha kurekebisha. Wakati unakifanyia kazi, cheza kikapu cha watatu kwa watatu. Ni mchezo wa Olimpiki tangu Michezo ya Tokyo, unatumia nusu ya uwanja na goli moja, wachezaji watatu ndani na mmoja wa akiba. Mechi ni dakika 10 au wa kwanza kufikisha pointi 21, na una sekunde 12 tu za kutupa. Hapo huwezi kujificha: utakaba, utapasi, utatupa, yote ndani ya dakika moja. Tafuta wenzako watatu ambao nao waliachwa, muanze Jumamosi hii.