Maswali ya Wasomaji: Kuhesabu Pumzi za Mtoto Bila Kutazama Simu

SWALI: Tunatengeneza programu ya simu ya kuhesabu pumzi za mtoto, kwani kupumua haraka ni dalili ya nimonia, kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mtoto akivuta pumzi, mhudumu anagusa kioo. Wahudumu wawili wakimpima mtoto yuleyule, hesabu zao hupishana sana. Tatizo ni nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tatizo ni kioo chenyewe. Hakina mahali pa kupapasa, kwa hiyo kidole kikihama mhudumu hulazimika kushusha macho, na pumzi mbili tatu zinampita. Kidole chenye jasho huongeza matatizo. Hamishieni kazi hiyo kwenye kiboksi cha kushika kiganjani chenye kitufe kimoja kikubwa, kipenyo milimita 20 hivi, kinachobonyea waziwazi, ili macho yabaki kifuani kwa mtoto.

Ndani wekeni chipu ya nRF52832. Ina Bluetooth na hufanya kazi kwa volti 1.7 hadi 3.6, hivyo betri mbili za AAA zinatosha. Betri ya kidonge, CR2032, iacheni: mota ya mtetemo (inayotetemesha kiboksi kumjulisha mhudumu) ikiwaka volti hushuka, chipu hujizima na hesabu hupotea. Mota hiyo ipitishwe kwenye transista (swichi ndogo ya umeme) yenye dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kwani pini ya chipu haiwezi kubeba umeme wake.

Kitufe kikibonywa, vyuma vyake hugongana mara kadhaa na pumzi moja huhesabiwa mbili. Programu ya chipu ipuuze mbonyezo wowote unaofuata ndani ya milisekunde 200. Hamtapoteza kitu, hata mtoto anayepumua mara 100 kwa dakika huacha milisekunde 600 kati ya pumzi na pumzi. Mbonyezo wa kwanza uanzishe saa tu, usihesabiwe. Na saa iende sekunde 60 kamili: kuhesabu 30 kisha kuzidisha kwa mbili hukuza kila kosa, maana watoto wachanga hawapumui kwa mpangilio. Mtoto akilia, mbonyezo mrefu ufute na kuanza upya.

Umri uchaguliwe kwa swichi ya kusukuma yenye nafasi mbili. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi. Zikifika hapo, taa ya njano iwake. Taa ya kijani tunaikataa kabisa: mtoto anaweza kuwa na hesabu ya kawaida huku kifua kikibonyea ndani, na kijani itamtuliza mama ambaye angepaswa kuwa njiani kwenda kituoni.

SWALI: Kiboksi tukikate kwa akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo?

JIBU: Hapana. Spiriti ya kusafishia huipasua nyufa ndogondogo, hasa kuzunguka skrubu. Plastiki ya polipropilini huvumilia. Kitufe kifunikwe na utando wa silikoni usio na mwanya, kwa sababu uchafu hujificha penye mwanya, kisha maji yenye klorini hupenya humohumo na kula vyuma vya kitufe.