Mtoa mada, usiandike huo ukweli wenu

Pole sana mtoa mada, wewe na dada yako. Umeuliza hivi: picha za harusi yake zimerushwa mitandaoni na maneno kwamba kaachika kwa tabia zake, leo siku ya nne watu wanamtukana, je, familia ijitokeze iandike ukweli wote ili wanyamaze? Nakujibu kwa lililotukuta sisi, Morogoro, 2022. Msiandike. Mimi niliandika.

Mdogo wangu ni msusi. Aliolewa, na baada ya miaka miwili akatoka kwenye ile ndoa. Sababu siitaji hapa kwa kuwa ni yake, si yangu. Baraza la usuluhishi la kata liliwaita mara tatu, likawasikiliza wote wawili mlango ukiwa umefungwa, wakaona imeshindikana. Miezi michache baadaye alikwenda kwenye kichenpati ya rafiki yake, akacheza. Shoga yake mmoja akamrekodi, akaiweka stetasi, hana nia mbaya hata kidogo. Katika walioiona yuko aliyeichukua. Kesho yake asubuhi tukaikuta kwenye ukurasa wa umbea Instagram, juu yake pameandikwa: "Kaacha ndoa ya watu, kaja kukata mauno."

Maoni mengine mnayajua, yanafanana kila siku. Lililotuuma ni moja: "Michango yetu ya sendofu turudishiwe." Likarudiwa na kurudiwa, na watu ambao hawakutoa hata shilingi mia. Mwanamume wa ile ndoa hakuna aliyemuulizia.

Mdogo wangu alikuwa hajui lolote. Siku hiyo alikuwa na mteja mgeni, anamsuka rasta, nusu ya kichwa tayari. Mteja anaperuzi simu. Mdogo wangu akasikia wimbo wa ile kichenpati, na vigelegele vya mashoga zake, vinatoka kwenye ile simu mbele ya tumbo lake. Akachungulia, akajiona. Yule mteja akacheka, akaanza kumsomea maoni kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtu anayemburudisha msusi wake asichoke. Hakujua kwamba ni yeye. Kwenye video alikuwa na kilemba na vipodozi. Mdogo wangu akamsuka mpaka mwisho. Akachovya ncha kwenye maji ya moto, akazikausha kwa taulo, akapokea hela, akamwambia karibu tena. Halafu akafunga saluni siku tisa.

Usiku wa pili mimi nikashika simu. Nikaandika pale chini maelezo marefu: lini ndoa iliharibika, nani alifanya nini, nani anaweza kuthibitisha. Niliamini mtu akishajua ukweli atatulia. Asubuhi maelezo yangu yalikuwa yamepigwa skrinishoti na kupandishwa kama habari mpya: dada mtu afunguka. Sasa watu wakawa na vitu vya kujadili ambavyo jana hawakuwa navyo, na waliovitoa si wambea, ni mimi. Yale aliyoyasema mdogo wangu mbele ya baraza mlango umefungwa, mimi niliyatoa nje. Alinisamehe, lakini alichoniambia siku ile sikisahau: "Dada, wao walikuwa wanabahatisha. Wewe umewaambia." Kwa hiyo nakusihi, hata kama mna cheti, hata kama mna shahidi, watu wale hawajaja kutafuta ukweli. Ukiwapa, wanautafuna kama walivyoutafuna uongo.

Jambo jingine nililolifikiria sana ni kuhusu WhatsApp, kwa sababu ndiko ilikotufikia mpaka kwa shangazi zetu Kilosa. Ile video ilikuwa inaingia na vile vimishale viwili, alama kwamba imeshasambazwa mara nyingi. Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuusambaza zaidi ya sehemu moja kwa mkupuo. Maana yake kila aliyeituma alichagua jina, akabonyeza, akarudi, akachagua jina jingine. Wengi kati ya waliofanya hivyo tulikuwa nao kanisani na kwenye kikoba. Walikula wali wa harusi yake. Matusi ya mtu wa mbali ambaye humjui yalipita baada ya wiki mbili, akapatikana mwingine wa kutukanwa. Hawa wa karibu, waliojua alivyoishi kwenye ile nyumba na bado wakasambaza, au wakaona wakanyamaza, hao ndio waliomfanya ashindwe kutoka mlangoni.

Cha kufanya sasa. Hifadhini ushahidi kabla haujafutwa: skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, pamoja na kiungo cha lile chapisho, siyo kipande cha picha tu. Ripotini chapisho ndani ya mtandao wenyewe. Na kama picha ilipigwa na ndugu au rafiki, naye aripoti kwamba ni yake na imetumika bila ruhusa. Sheria ipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Sisi tulichapisha kila kitu stationari, tukaweka kwenye bahasha, mdogo wangu akakataa kwenda kituoni. Ni haki yake. Muulize dada yako kwanza anataka nini, msiamue mkiwa mmekaa sebuleni yeye yuko chumbani.

Na simu yake mchukueni mkae nayo nyinyi, kwa ridhaa yake. Mpikieni. Msimuulize kila saa kama yuko sawa.

Siku ya kumi nilimbembeleza twende wote sokoni Kingalu. Alijifunga mtandio mpaka machoni. Tukapita kwenye vitunguu watu wakanyamaza, tukapita kwenye nyanya wakanyamaza. Tulipofika kwa mama mmoja anayeuza mchicha, mteja wake wa miaka, yule mama akapaza sauti soko zima likasikia: "Wewe mtoto, umenitupa siku zote hizi, tazama kichwa changu kilivyo!" Akavua kitambaa, akageuza kreti la soda, akakaa, akampa mgongo. Mdogo wangu akasimama kidogo. Kisha akashusha mtandio mabegani, akaanza kumfumua pale pale. Mimi nikauza mchicha mpaka saa kumi.