X220 kuukuu: inunue, lakini kagua kwanza

Ndugu, umeuliza kama laptop ya ThinkPad X220 uliyoiona Luthuli Avenue, Nairobi, inafaa mwaka huu, na kwa nini sisi mashabiki tunashangilia kile kidoti chekundu katikati ya kibodi.

Kidoti kwanza, maana ndicho roho ya mashine. Kinaitwa TrackPoint, kipo tangu ThinkPad za kwanza za IBM, 1992. Unakisukuma kwa ncha ya kidole na mshale unatembea, mikono haitoki kwenye herufi. Ukiwa ndani ya matatu ya Rongai, begi mapajani, hakuna kipanya kinachokufaa kuliko hicho. Kipe wiki moja kikuzoee. Kikiisha makali ni kofia ya mpira tu, unaitoa na kuvisha nyingine.

X220 yenyewe ni ya 2011, enzi ya Lenovo, kampuni iliyonunua ThinkPad kutoka IBM, na ni kati ya za mwisho zenye kibodi ile ya zamani ya safu saba za vitufe. Ukiandika sana utaelewa mara moja. Ina pia taa ndogo juu ya skrini inayomulika kibodi. Stima ikipotea, unaendelea!

Dukani, itazame skrini ukiwa upande. Rangi zikibaki safi, hiyo ni IPS, aina ya skrini inayoonekana vizuri hata kutoka pembeni, ichukue. Zikififia, omba bei ishuke. Betri hutoka bila bisibisi, kwa hivyo iliyochoka isikutishe. Windows 11 haiikubali rasmi, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure.